Chupa ya Treni na Chupa ya Meli

Mimi ni Dismasi, mwana wa Kalisti, mwana wa Martini, mwana wa Ntibanyiha. Ntibanyiha alikuwa mteko katika nchi ya Heru, yaani mlinzi wa ardhi, mtu aliyewaonyesha wageni mahali pa kulima na kuamua magomvi ya mipaka. Na hakuna aliyewahi kusema kwamba alisogeza jiwe la mpaka hata unyayo mmoja. Martini alibatizwa, akajifunza useremala misheni, na madawati aliyoyaunda yalikaliwa na wajukuu wa watu waliomwona akiyapiga randa. Kalisti, baba yangu, alikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Kigoma, pale ambapo reli inakoma na ziwa linaanza. Katika miaka ishirini na minane ya kazi alichelewa siku moja tu, nayo ni siku niliyozaliwa mimi. Nayataja haya kwa fahari wala sioni haya. Mtu asiyejua alikotoka hawezi kujua anavunja nini siku anapoamua kuvunja.

Nami nilivunja. Mara moja katika maisha yangu, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, nilimwasi baba yangu na kumtahayarisha kaka wa mama yangu mbele ya umati wa Kibirizi. Wajukuu wangu wamesikia habari hiyo ikisimuliwa ovyo na watu wa Gungu, kila mmoja akitia chumvi yake. Basi naiandika kama ilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wa 1969, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa changa na sisi tulikuwa wachanga pamoja nayo. Asubuhi tuliimba nyimbo za kujenga taifa, tukabeba majembe kwenda shamba la shule. Na Jumapili, baada ya misa, vijana wa Kigoma na Ujiji walishuka ufukwe wa Kibirizi kwenda bugi. Bugi lilikuwa dansi la mchana, la vijana peke yao. Santuri zilikuja kwa meli kutoka Kongo, na aliyeipata mpya alitembea nayo kifuani kama padri na kitabu cha misa. Wasichana walipunguza sketi zao, wavulana walibana suruali zao mpaka ukashangaa walizivaaje, na wote walichana nywele kwa namna iliyowafanya mama zao wajishike vichwa.

Kundi lililopendwa kuliko yote liliongozwa na Gervasi, kijana wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Mwamgongo. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya dagaa pale Kibirizi, lakini alipolishika gitaa hata wanawake wanaoanika dagaa mchangani waliacha kufukuza kunguru. Alikuwa na magitaa mawili, ngoma moja na kopo lenye mbegu ndani. Hakuwa na ukumbi. Walipiga chini ya kibanda cha kutengenezea nyavu, na watu walijaa mpaka majini.

Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilikuwa upande wa pili.

Amri ilikuwa imetoka kwamba vijana wavae kwa heshima, na katika mtaa wetu iliundwa Kamati ya Heshima ili kuisimamia. Mwenyekiti wake alikuwa mjomba wangu, Telesphory, kaka mkubwa wa mama, mwenye ukumbi wa dansi na bendi yake mjini. Suruali ilipimwa kwa chupa ya soda. Chupa ilitiwa kiunoni, ndani ya suruali, ikaachwa iteremke pajani. Ikitokea chini kifundoni, mwenyewe alikwenda zake kwa amani. Ikikwama, suruali ilichanwa kwa mkasi kuanzia chini hadi gotini, hapo hapo, watu wakitazama. Mjomba alinichagua mimi kuwa mpimaji. Nilibeba mfuko wake begani, nikashika chupa aliyonipa, nikashika na mkasi.

Niliipenda kazi ile. Lazima niseme kweli, kwa sababu ndipo makosa yangu yalipoanzia. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwa kufaulu, shati langu lilipigwa pasi, na niliamini kwamba dunia ina watu wa aina mbili: wanaopitisha chupa na wasiopitisha. Tena mjomba alikuwa ameniandikisha kati ya vijana watakaosafiri kwa treni hadi Dar es Salaam kwenye sherehe za Saba Saba. Sikuwa nimewahi kuvuka Uvinza.

Gervasi nilimpima mara ya kwanza mwezi wa tatu. Chupa ilikwama. Nilimpima mara ya pili mwezi wa tano, pale pale kwenye kibanda cha nyavu, vijana wenzake wakiwa wametuzunguka.

"Dismasi, wewe unaisukuma kando," alisema.

"Siisukumi. Wewe unakaza paja."

"Nikaze paja kwa sababu gani? Ninataga?"

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliofunikwa, fimbo mapajani, akitazama mahali pengine kabisa, kama mtu anayengoja chai.

"Chana," alisema.

Nikachana. Nakumbuka sauti ya kitambaa kile hadi leo, kilikuwa kipya. Kisha mjomba akasimama na kutangaza kwamba kijana akikwama mara ya tatu atahesabiwa kuwa mzururaji, naye atapandishwa lori na kupelekwa kijiji kipya cha Ujamaa kule bara, na gitaa lake litabaki kwa Kamati.

"Mimi mzururaji?" Gervasi aliuliza. "Haya magunia huwa yanatembea yenyewe?"

"Jumapili ya mwisho wa mwezi," mjomba akamjibu. "Uje na suruali nyingine. Au uje na shuka."

Siku ya pili yake, mchana, dada yake Gervasi aliingia uani kwetu. Huyo alikuwa Veneranda, ambaye leo ni bibi yenu. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na saba kama mimi, alikaa mtaa wa Gungu na shangazi yake, na alikuwa na cherehani ya mkono iliyompa heshima kuliko wanawake wengi wenye umri mara mbili ya wake. Alipiga goti akamwamkia mama, "Shikamoo, mama," akaitikiwa vizuri, kisha akanigeukia bila kupiga goti lolote.

"Wewe ndiye fundi wa kuchana?"

"Mimi ni mpimaji wa Kamati."

"Basi mpimaji, njoo kwangu unionyeshe kosa langu. Suruali ile niliishona mimi."

Nilitaka kukataa, lakini mama alikuwa akisikiliza, na mama alipenda haki kuliko alivyompenda kaka yake, ingawa hakuwahi kusema hivyo kwa mdomo. Nikaenda. Gervasi alikuwa amesimama barazani, amevaa suruali ileile iliyochanwa, ikiwa imeshonwa upya kwa mshono mdogo nadhifu ambao ulinitia aibu. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na chupa ya soda ya kijani.

"Mafundi wote wa Kigoma siku hizi wanashonea chupa," Veneranda alisema. "Hatutoi suruali dukani kabla haijapita. Haya, pima mwenyewe, usije ukasema nimeroga."

Niliitia chupa kiunoni mwa Gervasi. Ilishuka, ikasita kidogo gotini, ikapita, ikadondoka barazani na kubiringika hadi miguuni pangu.

"Hebu rudia," nilisema.

Nikarudia mara tatu. Mara zote ilipita.

"Sasa tatizo ni paja la kaka yangu au ni mkono wako?" Veneranda aliuliza.

"Chupa ni chupa," nilisema. "Labda suruali imelegea kwa kufuliwa."

"Imefuliwa mara moja. Hii chupa ilikuja na treni, nimeinunua stesheni kwa mkono wangu, nikanywa soda yake mwenyewe. Na yako ilikuja na nini?"

Katika shule yetu tulifundishwa kwamba mtu asiye na jibu akatafute, si kubisha. Nikaenda nyumbani kwa mjomba.

Mjomba hakuwepo. Mfuko ulining'inia mahali pake, kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nilikuwa na ruhusa ya kuuchukua wakati wowote. Nikaufungua. Ndani yake, chini ya mkasi, palikuwa na chupa mbili, kila moja imevingirishwa katika kipande cha gunia. Nilizisimamisha sakafuni kwa pamoja. Zilikuwa za kijani zote mbili, urefu mmoja, shingo moja. Lakini moja ilikuwa na tumbo pana kuliko mwenzake kwa upana wa kidole kizima. Ile nyembamba ilikuwa na maandishi ya Dar es Salaam. Ile pana ilikuwa na maandishi ya Kifaransa. Ilikuwa imevuka ziwa.

Ndugu msomaji, mji wetu ni mlango wenye pande mbili. Upande huu yanaingia mambo ya treni, upande ule yanaingia mambo ya meli, na sisi tumezoea kuyachanganya jikoni bila kuuliza. Amri ilisema chupa ya soda. Aliyeiandika alikuwa mahali penye chupa ya aina moja tu. Hakuna mtu Kigoma, hata mimi niliyeishika kwa miezi mitatu, aliyefikiri kuuliza ni ya wapi. Maana mjomba mwenyewe ndiye aliyenipa chupa mkononi kila tulipofika mahali, na baada ya kazi aliichukua tena.

Nilikaa sakafuni nikaanza kuwakumbuka. Mtoto wa mwenye duka, alipita. Wapwa wa mjumbe wa Kamati, walipita wote. Wapigaji wa Gervasi, walikwama wote. Oswald mpiga ngoma, ambaye alilia. Wote walipita mikononi mwangu.

Mjomba alinikuta hapo. Alizitazama chupa, akanitazama mimi, akavuta kigoda akaketi. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Umekua, mpwa wangu," alisema. "Nilidhani itakuchukua muda mrefu zaidi."

"Mjomba, ipi ndiyo ya amri?"

"Zote ni chupa za soda. Soma amri kama utaona neno lolote kuhusu tumbo."

"Kwa hiyo Gervasi..."

"Gervasi." Alipumua. "Sikiliza. Ukumbi wangu una viti sitini. Jumapili iliyopita walikaa watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wamelala. Bendi yangu ina tarumbeta. Tarumbeta, Dismasi. Halafu watoto wanakwenda kurukaruka mchangani kwa kopo la mbegu. Hiyo ndiyo heshima?"

"Lakini kumpeleka mtu kijijini kama mfungwa..."

"Kijiji kinahitaji mikono. Nawe unahitaji kwenda Dar es Salaam." Akazivingirisha chupa moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Jumapili uje na shati safi."

Nilitembea hadi bandarini nikamngoja baba atoke kazini. Nilikuwa bado na tumaini moja. Baba alikuwa mtu ambaye kilo moja ya mzigo haikumpotea. Nilijua akisikia atavaa koti lake na kwenda kwa shemeji yake, na mambo yatakwisha kiutu uzima. Nilimweleza tukipanda kilima. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama.

"Mjomba wako alikuja ghalani mwezi wa pili," alisema. "Aliniuliza, katika makreti yote yanayopita hapa, chupa pana kuliko zote ni ipi. Nikamwonyesha."

"Ulijua ni ya nini, Baba?"

"Sikuuliza."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilijua." Alitoa leso akafuta kipaji cha uso. "Yeye ndiye aliyesimama nami nilipomposa mama yako, wakati ukoo wao wote ulisema mtoto wa seremala hafai. Katika nyumba hii hatumshitaki shemeji. Jambo hili litakufa na sisi wawili."

"Gervasi atapandishwa lori."

"Vijana wengi wanakwenda vijijini na wanafanya vizuri."

"Wanakwenda kwa kupenda."

Hapo akanitazama kama ambavyo hakuwahi kunitazama. "Ukifungua mdomo Jumapili," alisema, "usirudi kulala kwangu."

Watu husema utoto huisha siku mtu anapokunywa pombe, au anapojua mwanamke. Wangu uliishia kwenye kilima kile, jua likiwa bado juu, mbele ya mtu niliyempenda kuliko wote, nilipotambua kwamba mizani yake ya ghalani ilikuwa sahihi kuliko ile ya moyoni mwake.

Jumapili ile iliangukia siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, taa za karabai hazivuti dagaa, mitumbwi hailali ziwani, na wavuvi wote wanakuwa nchi kavu wakishona nyavu na kutafuta la kufanya. Kwa hiyo Kibirizi ilijaa. Walikuwepo wavuvi, wachukuzi, wachuuzi, vijana wa bugi waliokuja kimya bila gitaa lolote kupigwa, na kina mama wa dagaa wakiongozwa na Rahabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupita upepo. Lori lilikuwa limesimama barabarani tayari kwa safari ya kesho yake. Kusimamia baraza aliombwa Mzee Hamdani wa Ujiji, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani za misafara. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na hakuna aliyekohoa ovyo mbele yake. Baba yangu nilimwona pia. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

Gervasi aliitwa. Alikuja na suruali ileile.

"Huna nyingine?" mjomba akamuuliza.

"Ninayo hii, Mwenyekiti. Ile nyingine mliichana mwezi wa tatu."

"Dismasi." Mjomba aliingiza mkono mfukoni, mfuko ukiwa begani pangu, akatoa chupa akanikabidhi. Sikuhitaji kuitazama. Kidole changu kilijua.

Nilipiga hatua kuelekea kwa Gervasi, kisha nikasimama. Nikamgeukia Mzee Hamdani, nikamwambia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ruhusa nijipime mimi kwanza."

Mjomba akasema, "Dismasi, acha upuuzi." Lakini mzee alikuwa ameinua kidole, na kidole cha Mzee Hamdani kilitosha.

"Mpimaji kujipima si upuuzi," alisema. "Endelea."

Suruali yangu ilikuwa ya kaki, ya shule, iliyoshonwa na fundi wa misheni ambaye hakujua maana ya kubana. Niliitia chupa kiunoni. Ikashuka hadi juu ya goti, ikasimama. Nikatikisa mguu. Nikaruka kidogo. Nikatembea hatua tatu mguu ukiwa umenyooka, na chupa imetuna kama jipu.

"Mtoto wa Kalisti ni mhuni!" Rahabu alipaza sauti, na Kibirizi nzima ikaangua kicheko. "Na ninyi mlituambia ndiye mfano!"

Niliitoa chupa. Sauti yangu haikutetemeka. Kwa hilo ninamshukuru mwalimu wangu wa kusoma kwa sauti. Nilikwenda moja kwa moja mbele ya kaka wa mama yangu. Kwetu mpwa hamtazami mjomba usoni kwa muda mrefu. Nilimtazama.

"Mjomba," nilisema, "naomba mguu wako."

Mjomba aliishika fimbo yake vizuri.

"Unasemaje?"

"Naomba nikupime."

"Mimi ni mtu mzima. Amri ni ya vijana."

"Mguu hauna umri, Telesphory," alisema Mzee Hamdani kwa upole. "Kiongozi hutangulia. Simama."

Akasimama, angefanya nini, watu wote wale wakitazama? Suruali yake ilikuwa pana, ya kitambaa kizito, suruali ya mwenyekiti. Lakini naye alikuwa na mapaja ya mtu aliyekula vizuri tangu Uhuru. Chupa haikufika hata gotini.

"Mwacheni, jamani," Rahabu alisema, "lile ni paja la heshima."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wavuvi walishikana mabega. Oswald, mpiga ngoma aliyelia, alikaa mchangani kwa sababu miguu haikumbeba. Nami nilingoja kipungue, kwa kuwa sikuwa nimemaliza, na jambo lililobaki halikuwa la kuchekesha. Niliingiza mkono katika mfuko begani pangu nikaitoa chupa ya pili, nikaivua gunia lake, nikazisimamisha zote mbili juu ya mtumbwi, bega kwa bega.

"Hii nyembamba imekuja na treni," nilisema. "Hii pana imekuja na meli. Wanaopendwa na Kamati walipimwa kwa ya treni. Gervasi na wenzake walipimwa kwa ya meli. Aliyepima ni mimi."

Mzee Hamdani alisogea. Alizishika moja moja, akazipima kwa kiganja, akazirudisha. "Telesphory, chupa mbili za nini?"

Mjomba alilamba midomo. "Ya pili ni akiba, Mzee. Ikivunjika ya kwanza."

"Ahaa. Na je, imewahi kuvunjika?"

Mzee akaichukua ile ya treni akanipa, akanionyesha Gervasi kwa kidevu. Nilimpima. Ilishuka pajani, ikasita gotini kama ilivyosita barazani kwa Veneranda, na katika kile kitambo cha kusita naamini hakuna aliyevuta pumzi tangu Kibirizi hadi milima ya Kongo. Kisha ikapita, ikaanguka mchangani kati ya nyayo zake.

Mlio uliotoka hapo uliwarusha kunguru wote wa ufukweni. Veneranda alikuwa juu ya gunia la dagaa, akipiga vigelegele. Lakini nilikuwa bado nimesimama mbele ya Gervasi, na mkasi ulikuwa bado kiunoni mwangu. Niliuchomoa nikauweka miguuni pake.

"Nimewachania watu tisa suruali kwa chupa ya uongo," nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikujua, na kutojua kwangu kulikuwa kwa uvivu, maana sikuuliza. Nawaomba radhi, wewe wa kwanza."

Gervasi aliutazama mkasi, akanitazama mimi. "Umenichania mbili," alisema. "Nikikusamehe, moja utanilipia."

"Nitalipa."

"Basi yamekwisha. Wewe Oswald, ngoma iko wapi?"

Hukumu ya Mzee Hamdani ilikuwa fupi. Chupa ya treni peke yake ndiyo itakayopima, nayo itakaa wazi mezani pa fundi cherehani, si katika mfuko wa mtu. Kijiji cha Ujamaa ni mahali pa heshima. Asipelekwe mtu huko kama adhabu, maana wanaokwenda kwa kupenda wanatukanwa. Kamati itapata mwenyekiti mwingine. Na chupa ya meli akampa Rahabu, akasema itafaa kwa mawese.

Kisha gitaa likalia. Vijana walininyanyua mabegani, mimi niliyewachania suruali, wakanizungusha ufukwe mzima mpaka viatu vyangu vya ngozi vikaanguka majini. Wavuvi walicheza, wachukuzi walicheza, kina mama wa dagaa walicheza na beseni zao. Nami nilicheza. Bibi yenu anasema nilicheza kama mtu anayeua siafu, lakini nilicheza hadi jua likagusa milima ya ng'ambo, na moyo wangu ulikuwa mweupe kuliko shati nililokuja nalo.

Sikurudi kulala kwa baba. Neno lake lilikuwa neno, na nililiheshimu. Nilikaa kwa babu Martini, ambaye wakati ule alikuwa mzee sana. Alinipa msasa na dawati la kusugua. Saba Saba ilipofika, kijana mwingine alipanda treni kwa jina langu. Nilikwenda stesheni kumuaga, na sikuona wivu.

Mwezi wa nane baba alikwenda kwa Veneranda akiwa na kitambaa cha suruali chini ya kwapa. Alipokaribishwa, aliitazama ile chupa ya kijani iliyosimama mezani, wazi, kama Mzee Hamdani alivyoagiza. Akamwambia, "Pima kwa hii. Na umwambie Dismasi kwamba mama yake amepika." Nilirudi jioni ileile. Hatukulizungumza jambo lile tena hadi alipofariki. Lakini tangu siku ile, kila neno gumu lilipotokea katika ukoo, aliniita nikae kando yake.

Sasa ninyi wajukuu wangu, na watoto wote wa Kigoma mnaojiita waasi kwa sababu mmenyoa nywele upande mmoja, nisikilizeni. Uasi usiokugharimu kitu ni utundu, nao hauhitaji shujaa. Wazee wenu muwatii. Nawaagiza hivyo bila kupepesa macho, kwa maana asiyejua kutii hana kitu cha kuvunja. Lakini siku mtakapopewa kipimo cha kuwapimia wengine, iwe chupa, iwe kalamu, iwe cheo, ulizeni kimetoka wapi, mkaanze na miguu yenu wenyewe, kisha ya ndugu zenu, ndipo muufikie mguu wa mgeni. Na mkikuta chupa mbili mfukoni, msinyamaze. Hata kama mwenye mfuko ni mjomba, hata kama aliyeichagua chupa ni baba. Hilo silishauri. Nalidai, kwa jina la Ntibanyiha, la Martini na la Kalisti, na yeyote kati yenu atakayelipuuza asije kwangu kuomba baraka.